Breki mbovu ni ugonjwa, na tiba yake iko gereji

MSOMAJI mpenzi, katika kurasa kama hizi umezoea kusoma habari za malaria, kipindupindu, shinikizo la damu na kisukari. Leo naomba uniwie radhi. Nataka nikutoe zahanati nikupeleke uvunguni mwa lori, mahali penye grisi na vumbi, kwa sababu huko nako kuna ugonjwa unaoua watu. Dawa yake inajulikana, na bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na gharama ya matanga.

Usidhani kwamba nimepotea njia. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka kote ulimwenguni, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29. Hapa kwetu Kenya, hesabu za serikali zimeonyesha kwamba zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani kila mwaka katika miaka hii ya karibuni. Lau idadi hiyo ingekuwa ya watu waliokufa kwa kipindupindu, masoko yangefungwa na maji yangechemshwa katika kila nyumba. Lakini kwa kuwa ni ajali, tunatikisa kichwa, tunasema poleni, kisha tunapanda gari lile lile.

Lori la maembe

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Garsen kwa shughuli zangu, na siku ya kurudi basi likaniacha. Nilikuwa na haraka ya kufika Malindi kabla ya magharibi, hivyo nikaomba nafasi katika lori lililobeba maembe. Dereva alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye maneno machache. Utingo wake alikuwa kijana ambaye hata ndevu zilikuwa hazijamwota sawasawa. Kabla hatujaondoka nilimwona yule kijana akifungua kopo la mafuta ya breki na kuongeza mafuta kutoka kwenye chupa ya soda. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu huku akicheka, "Hii tunaongeza kila asubuhi na kila jioni."

Njiani nikagundua kwamba dereva hakanyagi breki mara moja kama madereva wengine. Alikanyaga, akaachia, akakanyaga tena, na mara ya tatu ndipo lori lilipoanza kutii. Aliponiona nimeshika mbele yangu kwa mikono miwili, akatabasamu. "Usiwe na wasiwasi ndugu yangu," akasema. "Breki hii naijua mwenyewe. Inataka kubembelezwa tu."

Na kweli aliijua. Tulipokuwa tukikaribia Kurawa aliona vumbi la ng'ombe kwa mbali, akaanza kupunguza mwendo mapema mno, akitumia gia zaidi kuliko breki. Ng'ombe walipoanza kuvuka sisi tulikuwa tumesimama kitambo. Mchungaji akainua fimbo kutusalimu. Tukafika Malindi salama. Nikashuka, nikamshukuru dereva, nikampa mkono, nikaenda zangu. Juu ya ile breki sikusema neno.

Miezi michache baadaye nilikutana na mtu aliyelijua lile lori. Akanieleza kwamba dereva yule alishikwa na malaria akalala nyumbani wiki nzima. Mwenye lori hakutaka gari lisimame, kwani maembe hayangoji mtu apone. Akampa kijana mwingine usukani. Kijana huyo hakuambiwa kwamba breki inataka kubembelezwa. Alipokutana na mifugo barabarani alikanyaga mara moja, kama alivyofundishwa, na kanyagio likashuka hadi chini. Akatoka barabarani, akagonga mti. Yeye alipata michubuko. Yule utingo wa chupa ya soda alikatwa mguu.

Nikaambiwa kwamba mwenye lori alisema ni kazi ya Mungu. Mimi nasema Mungu hakuitoboa ile paipu ya mafuta. Iliyokuwa ikivuja ilikuwa ikivuja kila asubuhi na kila jioni, mbele ya macho ya watu wazima watatu: mwenye gari, dereva, na mimi abiria niliyeshuka Malindi nikashukuru. Siri ya breki ile ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na siku alipolala na homa, siri ikalala naye.

Kwa sababu hiyo nimeshika kalamu leo.

Tambarare hudanganya

Ukitaja breki mbovu, watu wengi hufikiri milima. Hukumbuka Karai karibu na Naivasha, ambako tarehe 10 Desemba 2016 lori lililobeba kemikali liliyagonga magari mengine na kulipuka, zaidi ya watu 40 wakafa. Hukumbuka pia Londiani, katika kaunti ya Kericho, ambako tarehe 30 Juni 2023 lori liliacha njia na kuwavamia wachuuzi na wasafiri kando ya barabara, zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Huko kuna miteremko, na kila dereva anajua kwamba mteremko unataka breki.

Sasa njoo Tana River. Kutoka Malindi hadi Garsen ni zaidi ya kilomita 100, na ardhi yote ni tambarare. Ukifika Minjila unaweza kushika njia ya Lamu kupitia Gamba na Witu, au ukaendelea kuelekea Garsen mjini, Hola na Garissa. Kote huko barabara imenyooka, na dereva anaweza kwenda muda mrefu bila kugusa breki hata mara moja. Hapo ndipo penye hatari. Mlimani breki mbovu hujitangaza mapema. Kwenye tambarare hujificha. Gari linaweza kusafiri wiki nzima likiwa na breki za magurudumu mawili tu, na dereva asijue, kwa sababu hakuna kilichomlazimisha asimame ghafla.

Kisha siku moja linatokea jambo. Tana River ni nchi ya wafugaji. Ng'ombe, mbuzi, ngamia na punda huvuka barabara kwenda mtoni na kurudi malishoni, na ngamia hajui maana ya honi. Wapo watoto wanaotembea kando ya lami kwenda shule, wapo wakulima wanaotoka mashambani na baiskeli zilizobeba ndizi, wapo waendesha bodaboda. Breki ambayo haikuhitajika kwa kilomita 90 inahitajika yote, sasa hivi, katika mita chache.

Na lami nzuri imezidisha jambo hili. Barabara ya kwenda Lamu, yenye urefu wa kama kilomita 135, zamani ilikuwa ya mashimo na matope, na mashimo yenyewe yalikuwa yakipunguza mwendo. Ilipotiwa lami tulishangilia, na ilikuwa haki yetu kushangilia. Lakini mwendo uliongezeka siku ile ile lami ilipokauka, hali breki za magari zilibaki zile zile za wakati wa matope.

Hesabu ndogo

Tufanye hesabu kidogo, msomaji, wala usiogope. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu wanaoruhusiwa magari ya abiria na malori, hupita mita 22 kwa kila sekunde. Dereva akiona ng'ombe, huchukua kama sekunde moja na nusu hivi kabla mguu wake haujakanyaga sawasawa. Hapo mita 33 zimekwisha kupita, na gari bado halijaanza kupunguza mwendo.

Tuseme breki ni nzima na lami ni kavu. Lori litahitaji kama mita 50 zaidi hadi lisimame kabisa. Jumla ni mita 83. Sasa tuseme nusu ya breki hazifanyi kazi. Zile mita 50 zinakuwa 100, na jumla inafika 133.

Lakini tazama jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mahali pale pale ambapo lori zima lingekuwa limesimama, lile bovu bado linakwenda kwa kilomita 56 hivi kwa saa. Halijapungua likawa la kugusa tu. Kwa mwendo huo mtembea kwa miguu ana nafasi ndogo ya kupona, na anayepona mara nyingi hubaki na kilema. Tofauti baina ya mchungaji anayeinua fimbo kukusalimu na mchungaji anayefunikwa shuka ni ile paipu iliyokuwa ikivuja.

Jinsi breki inavyougua

Kama vile daktari anavyokufundisha dalili za malaria, nami nikufundishe dalili za ugonjwa huu.

Malori madogo, matatu na magari mengi ya kawaida hutumia breki za mafuta. Mafuta hayo hayanywewi na injini kama petroli. Yamefungiwa ndani ya mfumo. Yanaweza kushuka kidogo kidogo kadiri pedi zinavyolika, lakini yakipungua kila siku, basi yanavuja mahali fulani. Kuongeza mafuta kutoka kwenye chupa ni sawa na kumpa mgonjwa anayetokwa na damu maji ya kunywa, badala ya kuziba jeraha. Aidha mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa, na breki ikipata moto mwingi maji hayo huchemka, kanyagio likawa laini kama sifongo. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya muda, hata kama hayajapungua.

Malori makubwa, trela na mabasi hutumia breki za upepo. Kuna pampu inayoshindilia upepo, kuna matangi ya kuuhifadhi, na kuna mipira inayoupeleka kwenye magurudumu. Pwani yetu ina unyevu mwingi, na upepo unaoshindiliwa huacha maji ndani ya tangi. Maji hayo yasipomwagwa kila siku hujaza nafasi ya upepo na kulisha kutu. Tena malori yanayochukua chumvi kutoka viwanda vya Gongoni, Marereni na Kurawa huoga chumvi mchana kutwa. Chumvi hula paipu za chuma polepole, mahali ambapo macho hayafiki.

Kuna na ugonjwa wa kujitakia. Gurudumu moja likianza kuvuja upepo njiani, wapo wanaoukunja ule mpira na kuufunga kwa waya ili safari iendelee. Lori linafika, mzigo unashushwa, na waya unabaki pale kwa miezi. Gari lenye magurudumu sita ya breki linakuwa na matano, kisha manne. Dereva anayekuja baadaye haambiwi, kama vile kijana wangu wa Garsen hakuambiwa.

Ongeza mafuriko. Wakati wa El Niño ya mwishoni mwa mwaka 2023, na tena katika masika ya mwaka 2024, Mto Tana ulifurika na maji yakafunika barabara sehemu kadhaa, ikiwemo ile ya Lamu karibu na Gamba. Gari likipita majini breki hulowa na kupoteza nguvu. Dereva mwerevu akitoka majini huendesha polepole huku akigusa breki kidogo kidogo hadi zikauke. Lakini matope yaliyoingia ndani hayatoki kwa kugusa. Hayo yanataka gurudumu lifunguliwe lisafishwe, na nani hufanya hivyo siku ambayo barabara imefunguliwa tu na mizigo ya wiki mbili inangoja?

Cheti cha mwaka hakitoshi

Utaniambia, "Lakini magari ya biashara hukaguliwa." Ni kweli. Sheria ya Kenya inayataka magari ya abiria na ya biashara yakaguliwe kila mwaka, na tangu sheria ya mwaka 2012 iunde Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, kazi hiyo imo mikononi mwake. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, nayo inakataza gari bovu la kuhatarisha watu kutumiwa barabarani. Sina ugomvi na sheria hizi.

Ugomvi wangu ni na fikira kwamba cheti ni afya. Ukipimwa shinikizo la damu mwezi wa Januari likawa sawa, je, utaacha kujitazama hadi Januari nyingine? Lori linalopiga safari kati ya Mombasa na Garissa hukanyaga makumi ya maelfu ya kilomita kati ya cheti kimoja na kingine. Pedi zinalika, mipira inapasuka, chumvi inakula paipu. Cheti kinabaki safi kwenye faili, kwa sababu karatasi haina magurudumu.

Kumbuka pia zile kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutumika mwezi wa Februari 2004. Matatu ziliwekwa mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa njano, na madereva wakavaa sare. Zilikuwa kanuni njema na watu wengi wanazikumbuka kwa shukrani. Lakini angalia: mambo hayo mengi ni ya kuonekana kwa macho. Askari akisimama kando ya barabara anaona mkanda, anaona mstari, anaona sare. Breki haonekani nayo akiwa amesimama. Ili kuiona ni lazima ainame. Nasi katika nchi hii, tuseme kweli, tumekuwa hodari wa kukagua vinavyoonekana tukiwa tumesimama.

Na jambo jingine hunishangaza zaidi. Pale Mariakani malori hupanga foleni ili yapimwe uzito, kwa sababu lori zito huumiza barabara. Ni sawa, barabara imejengwa kwa pesa zetu. Lakini ikiwa tunaweza kusimamisha lori tukapima uzito ili lami isiumie, mbona hatuwezi kulisimamisha tukapima breki ili mtu asiumie?

Maoni yangu

Sipendi kulalamika bila kupendekeza. Haya ndiyo ninayoyaona, na nakuomba uyapime mwenyewe.

La kwanza, kila kampuni au mtu mwenye magari ya biashara awe na daftari la kila gari, kama vile kila mtoto alivyo na kadi ya kliniki. Dereva akirudi aandike alichokiona: kanyagio limeshuka, gari linavuta kushoto, upepo unapungua, mafuta yameongezwa. Fundi aandike alichotengeneza. Mwenye gari atie sahihi kwamba amesoma. Dereva mpya asipewe ufunguo kabla hajasoma ukurasa wa mwisho. Lau daftari kama hilo lingekuwepo katika lile lori la maembe, yule kijana angejua anachopanda. Na siku ya ajali hakuna atakayesema hakujua.

La pili, kabla ya safari dereva achukue dakika kumi. Atazame chini ya gari kama kuna matone. Amwage maji ya matangi. Awashe gari, upepo ujae, azime, kisha akanyage breki bila kuachia kwa dakika moja huku akitazama saa ya upepo na kusikiliza. Mshale ukishuka haraka au sauti ya mvujo ikisikika, safari haipo. Kisha asogee polepole ajaribu breki hapo hapo uwanjani, si mbele ya ng'ombe. Dakika kumi hizi hazihitaji mashine wala cheti.

La tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, dereva awe na haki ya kukataa gari bila kupoteza mshahara wake. Wengi wao hulipwa kwa safari. Asiposafiri, hakuna unga nyumbani. Mtu wa namna hiyo hata ukimfundisha dalili zote za ulimwengu, atazijua na bado ataondoka. Kanuni za magari ya abiria za mwaka 2014 zinamtaka mwenye gari ahakikishe dereva haendeshi zaidi ya saa 8 katika siku moja. Maana yake sheria imekwisha kubali kwamba uchovu wa dereva ni jukumu la mwajiri. Kwa nini breki isiwe vivyo hivyo? Ajali ikitokea kwa breki iliyoandikwa daftarini kuwa mbovu, anayepaswa kusimama kizimbani kwanza ni aliyetia sahihi, kisha ndipo aliyeshika usukani.

La nne, serikali ya kaunti ya Tana River na NTSA washirikiane kuweka mahali pa kukagulia breki katika eneo la Garsen na Minjila, ambapo njia za Malindi, Lamu na Garissa zinakutana. Magari husimama hapo kwenye kizuizi cha polisi. Dakika ambazo dereva hutoa leseni na kuhojiwa mzigo wake zinatosha kwa mkaguzi aliyefunzwa kuinama na tochi, kuangalia mipira iliyofungwa kwa waya na kumwambia dereva akanyage. Ziko pia mashine za kupimia breki zinazoweza kubebwa kwa gari kutoka mji hadi mji.

Pingamizi

Najua yatakayosemwa. Wenye magari watasema vipuri ni ghali. Ni kweli, na serikali ingefanya vyema kutazama ushuru wa vipuri vya breki. Lakini bwana mwenye gari, mguu wa kijana ni bei gani? Hata ukiacha utu ukahesabu fedha tupu, lori lililolala gereji siku mbili bado ni lori. Lililogonga mti ni vyuma chakavu.

Watasema pia kwamba kizuizi kingine cha ukaguzi ni mlango mwingine wa kitu kidogo. Hofu hii siipuuzi, maana sote tunaishi hapa. Ndiyo maana nimeanza na daftari na dereva kabla ya mkaguzi. Rushwa hustawi pale ambapo gari ni bovu na safari ni lazima. Mwenye gari zima hana cha kununua. Na mkaguzi akitakiwa kuandika katika daftari lile lile, jina lake na tarehe, itamwia vigumu kuuza alichokiandika kwa mkono wake.

Watasema tena kwamba mafundi wetu hawana mafunzo. Hapo nakubali, na naongeza neno la afya. Mafundi wengi husafisha breki kwa kupuliza vumbi kwa upepo, au kwa mdomo. Pedi na bitana za zamani zilikuwa na asbesto, na Shirika la Afya Duniani limesema aina zote za asbesto husababisha saratani. Fundi, usipulize. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kisha oga kabla hujambeba mtoto. Tunataka breki nzima na mapafu mazima pia.

Na wewe je?

Msomaji wangu uliye mjini, huenda unafikiri habari hii ni ya watu wa Garsen. La. Maembe unayonunua Kongowea yalikuja kwa lori. Ng'ombe unayekula nyama yake alikuja kwa lori. Ukipanda basi la Lamu wakati wa Maulidi, ni wewe unayepita Minjila. Ukiwa ofisini unakodi malori ya kubebea bidhaa, ni wewe unayemwambia dereva kwamba mzigo lazima ufike kesho.

Basi uliza. Ukikodi lori, omba kuona daftari la matengenezo kabla ya kuuliza bei, na usimchague mwenye bei ya chini kabisa bila kujua amepunguza wapi. Ukiwa mzazi, muulize mwalimu mkuu ni lini basi la shule lilifunguliwa magurudumu. Ukiwa abiria ukasikia vyuma vikisagana, au ukaona dereva anakanyaga mara tatu ndipo gari linatii, sema kwa adabu lakini sema. Mwambie, "Dereva, kaka, hii breki iko sawa?" Abiria mmoja akisema, wengine watapata sauti. Ikibidi shukeni. Nauli hurudi, mguu haurudi.

Na kumbuka kwamba huko hospitali haiko nyuma ya pazia. Aliyeumia kati ya Kurawa na Gamba atabebwa kwa gari lolote litakalopita, apelekwe Ngao, Hola au Malindi, na damu haisubiri kilomita. Mtu aliyekatika mshipa mkubwa anaweza kufa katika dakika chache. Madaktari na wauguzi wa huko hufanya kazi ya kusifiwa, lakini hawawezi kumtibu aliyefia njiani. Katika sehemu kama hizi kinga si bora kuliko tiba tu. Mara nyingi kinga ndiyo tiba pekee iliyopo.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Nawaheshimu wahenga, lakini wao walisafiri kwa miguu na kwa mashua. Ajali ya breki ina kinga, tena ina dalili zinazoonekana siku nyingi kabla. Wahenga hao hao walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Afadhali tushike hilo.

Yule kijana wa chupa ya soda sijui aliko leo. Alinijibu kwa kicheko kwa sababu hakuna mtu mzima aliyemwambia kwamba jambo lile si la kuchekwa. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia, pale pale uwanjani Garsen, na nikaogopa kuonekana mjuaji. Wewe usiogope.